Kompyuta mpakato inachemka nikicheza gemu: nianzie wapi?

Swali limetoka kwa kijana wa Ngamiani, jijini Tanga: "Shikamoo fundi. Nina kompyuta mpakato niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika. Ina prosesa ya Intel ya kizazi cha 10 na kadi ya michoro ya NVIDIA. Nikicheza gemu ya mpira, dakika 20 hazipiti kabla kibodi haijawa ya moto. Feni inavuma kwa nguvu, picha zinaanza kukwama, na mara mbili mashine imejizima yenyewe. Rafiki yangu ananishauri niiweke juu ya chupa ya maji yaliyogandishwa, muuza duka anasema ninunue kipozeo cha kuweka chini yake, na fundi wa mtaani anataka kubadilisha feni. Fedha niliyonayo inatosha jambo moja tu. Nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Kwa dalili ulizozitaja, naona fedha yako ingefaa kwenda kwenye kusafisha njia ya hewa na kubadilisha pesti, yaani ule uji mzito wa kupitisha joto uliopakwa juu ya prosesa, wala si kwenye feni mpya au kipozeo. Hata hivyo, kabla hujamlipa mtu yeyote, kuna vipimo viwili unavyoweza kuvifanya mwenyewe bila gharama, navyo vitathibitisha au kukanusha hayo ninayoyasema. Nitaeleza kwa urefu kidogo, kwa sababu anayejua joto linapita wapi ndani ya mashine yake ni vigumu kumuuzia kitu asichokihitaji.

Karibu umeme wote unaoingia katika kompyuta huishia kuwa joto. Mashine yenye kadi ya michoro ya pekee inaweza kutumia wati 100 au zaidi mchezo unapopamba moto, nawe bila shaka unaikumbuka taa ya zamani ya wati 100 jinsi ilivyokuwa haishikiki. Sasa joto la taa ile limetiwa ndani ya kisanduku chembamba kama daftari. Linazaliwa katika kipande kidogo cha silikoni, linavuka pesti, linaingia kwenye bamba la shaba, kisha linasafirishwa na mabomba bapa ya shaba hadi ukingoni mwa mashine, ambako feni hupitisha hewa katikati ya vibati vyembamba vilivyopangwa kama meno ya kitana. Ndani ya mabomba hayo mna maji kidogo sana. Upande wa prosesa maji hugeuka kuwa mvuke, mvuke hukimbilia upande wenye baridi, na huko hurudi kuwa maji na kuliacha joto lake, kama matone unayoyaona chini ya mfuniko wa sufuria ya wali. Halafu maji hayo hunyonywa na utando uliomo ndani ya bomba na kurudi yalikotoka. Safari hii haina mtambo wowote wa kutengeneza baridi. Hakuna kiungo hata kimoja kinachoweza kuishusha prosesa chini ya joto la hewa iliyomo chumbani mwako, na hilo ndilo jambo ambalo washauri wako watatu hawakulizingatia.

Kazi ikiwa ileile na feni ikizunguka kwa kasi ileile, tofauti kati ya joto la prosesa na joto la chumba haibadiliki sana. Mchezaji aliyeko Ulaya, chumbani mwenye nyuzijoto 21, akiona prosesa yake imefika 82, wewe uliye na mashine kama yake katika chumba chenye nyuzijoto 33 utaona takriban 94. Prosesa nyingi za Intel za kompyuta mpakato zimewekewa kikomo cha nyuzijoto 100, kwa hiyo yeye amebakiwa na nafasi ya 18 na wewe umebakiwa na 6. Watengenezaji wengi huandika kwamba mashine zao zitumike mahali ambapo hewa haizidi nyuzijoto 35. Nyumba ya bati isiyo na dari, saa 9 alasiri katika miezi ya kaskazi kati ya Desemba na Machi, inaweza kuuvuka mpaka huo bila mtu kuona ajabu, maana sisi wa Pwani tumeuzoea. Ndiyo maana uchafu mdogo ambao mwenye kuishi kwenye nchi ya baridi angeweza kukaa nao miaka miwili bila kuona dalili, hapa Tanga hukuzimia mashine katikati ya mechi.

Jua pia kwamba kukwama kwa picha na kujizima si ugonjwa wenyewe. Prosesa inapokaribia kikomo chake hujipunguzia kasi ili isiungue, na hapo ndipo wachezaji wako wanapoanza kutembea kwa kuruka-ruka. Joto likiendelea kupanda licha ya kupunguza kasi, mashine hujizima. Ulinzi huo umefanya kazi yake, na usijaribu kuuondoa hata ukikuta mtu mtandaoni anakufundisha namna ya kufanya hivyo.

Kipimo cha kwanza ni cha namba. Pakua programu ya HWiNFO, ambayo ni ya bure kwa matumizi ya nyumbani, uifungue na uitafute sehemu inayoonyesha joto la prosesa na la kadi ya michoro, pamoja na safu inayohifadhi kiwango cha juu kabisa kilichofikiwa. Iache mashine dakika 10 bila kuifanyisha kazi yoyote, uandike namba. Kisha cheza dakika 20, kwenye chumba kilekile na kwa saa ambazo huwa unacheza, uandike tena. Ikiwa imetulia na inasoma kati ya 45 na 60, hali ni ya kawaida kwa chumba cha joto. Ikicheza na kubaki chini ya 90, bado uko salama ingawa kibodi inaweza kuwa ya moto mkononi. Ikifika 95 hadi 100 na kung'ang'ania hapo huku kasi ya prosesa ikishuka, basi ni joto kweli. Ikiwa mashine inajizima ilhali namba iko 75, usihangaike na joto hata kidogo: tafuta hitilafu kwenye chaja, kwenye betri au kwenye soketi ya ukutani.

Namba ya mapumziko nayo ina habari zake. Ukikuta mashine haifanyi kitu lakini prosesa iko 80 na inatumika kwa asilimia 50 au zaidi, angalia ni programu gani inayoitumikisha. Gemu zilizovunjwa kufuli, ambazo vijana hupeana kwa flashi, mara nyingine huja na programu iliyojificha inayochimba sarafu za kidijitali kwa faida ya mtu usiyemjua, na mashine iliyonunuliwa kwa mtu inaweza kuwa nayo tangu siku ya kwanza. Hiyo haitolewi kwa brashi; huondolewa kwa kuhifadhi kazi zako pembeni na kuweka Windows upya.

Kipimo cha pili ni kiganja chako, nami nakithamini sawa na cha kwanza. Mchezo ukiwa umefika pale unapokwama, weka kiganja mbele ya tundu la kutolea hewa, ambalo huwa ubavuni au nyuma karibu na bawaba za skrini. Hewa ikitoka kwa nguvu nayo ni ya moto sana, njia iko wazi na pesti inafanya kazi, kwa hiyo tatizo ni kwamba unaiomba mashine kazi kubwa kuliko inavyoweza kupoza; dawa yake iko kwenye mipangilio nitakayoieleza mbele. Hewa ikitoka kidogo, kama pumzi ya mtu aliyelala, huku feni inavuma kwa nguvu, vibati vimezibwa na vumbi. Na hewa ikitoka kwa nguvu lakini ni vuguvugu tu, ilhali HWiNFO inasoma 97, joto halifiki kwenye vibati kabisa: pesti imekauka, au bamba la shaba halijakaa sawasawa juu ya prosesa, au, mara chache, bomba limepasuka na maji yake yamekwisha. Hali hizi tatu zina tiba tatu tofauti, na kiganja kinazitenganisha katika muda usiozidi dakika moja.

Sasa utaona kwa nini simuungi mkono fundi anayetaka kubadilisha feni. Wewe mwenyewe umeandika kwamba inavuma kwa nguvu, na feni iliyokufa haivumi. Feni hubadilishwa inapokwaruza, inapozunguka kwa kusuasua, au inapokuwa kimya wakati prosesa iko 90. Kuna kasoro moja tu ya kauli hii: mashine nyingi za gemu zina feni mbili, moja ya prosesa na nyingine ya kadi ya michoro, na inawezekana moja inapiga kelele za zote mbili. Tega sikio kila upande, au mwombe fundi akuonyeshe zote zikizunguka baada ya kufungua mfuniko wa chini.

Kuhusu chupa ya barafu, nakusihi uiache leo hii. Toa chupa ya maji kwenye friji uiweke mezani pako, na baada ya dakika chache utaikuta imetoka jasho. Maji hayo yametoka kwenye hewa, kwa kuwa hewa ya Tanga ina unyevu mwingi na unyevu hugeuka matone unapokutana na kitu cha baridi. Mfuniko wa chini wa kompyuta ukipozwa kwa barafu, matone yaleyale yanaweza kujitengeneza ndani, juu ya saketi zenye umeme. Yanakutana na chumvi iliyoletwa na upepo wa bahari, na maji yenye chumvi hupitisha umeme na kula shaba. Niliwahi kuletewa mashine iliyopozwa kwa njia hiyo wiki chache tu. Miguu ya vipande vidogo vilivyo karibu na betri ilikuwa imegeuka kijani, na sikuweza kuirudisha. Mwenye nayo alikuwa mwanafunzi, na kazi zake zote zilikuwa humo. Friza nayo ina hatari hiyohiyo, na kubwa zaidi.

Tuje kwenye usafi, ambao ndio nitakaokaa nao. Vumbi la Tanga lina sura yake. Barabara za mitaa yetu ambazo hazijawekwa lami hutoa vumbi laini, na anayeishi upande wa Pongwe au Maweni anapata na la saruji na chokaa. Ndani ya nyumba kuna nyuzi za chandarua na za kanga, manyoya ya paka, na sufi inayovuja kwenye mito ya zamani, ambayo ni nyepesi kiasi kwamba feni huivuta kutoka mbali. Kisha kuna moshi wa mafuta ya jikoni na wa ubani, unaoacha utando wa kunata juu ya vibati, na utando huo ndio unaoyashika yale mengine yote. Matokeo yake ni blanketi dogo linalojilaza kati ya feni na vibati, mahali ambapo huwezi kuliona kwa kuchungulia kutoka nje. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanapuliza hewa kupitia tundu la nje, blanketi linarudi nyuma kidogo, joto linapungua kwa siku tatu, kisha linarudi mahali pake likiwa limeshikana zaidi. Ni lazima mfuniko ufunguliwe na blanketi litolewe kwa mkono.

Kama utafanya mwenyewe, zima mashine kabisa, chomoa chaja, na tandika kitambaa cheupe ili skrubu isipotee. Chora umbo la mfuniko kwenye karatasi na uweke kila skrubu mahali pake juu ya mchoro, kwa kuwa skrubu ndefu ikiingizwa kwenye tundu la fupi hutoboa ubao wa saketi. Ukiisha kufungua, kazi ya kwanza kabla ya kugusa chochote ni kuchomoa waya wa betri. Shika panga za feni kwa kijiti cha mbao zisizunguke, kisha puliza na upige brashi laini. Feni inayozungushwa na hewa ya kupuliza huweza kupita kasi iliyokusudiwa na kuharibu beringi zake, na huweza pia kuzalisha umeme unaorudi kwenye ubao. Usitumie mdomo kupuliza, maana pumzi ina mate na unyevu.

Pesti ni kazi ya fundi, labda kama umewahi kuifanya ukiwa chini ya uangalizi. Kazi yake ni kujaza mianya midogo sana iliyopo kati ya prosesa na shaba, kwa sababu hewa inayokaa katika mianya hiyo hupitisha joto vibaya mno. Mashine iliyotumika miaka minne au mitano kwenye hali yetu ya hewa, ambayo hujui kama iliwahi kufunguliwa, inastahili pesti mpya, na nafanya hesabu kwamba yako imefikia umri huo kwa kuwa prosesa za kizazi cha 10 za kompyuta mpakato zilianza kutoka mwaka 2019. Simama karibu fundi anapofanya kazi na uangalie mambo machache. Afute pesti ya zamani kwa alkoholi safi isiyo na mafuta. Baadhi ya spiriti zinazouzwa kwa ajili ya ngozi zina mafuta ndani, nazo hazifai. Pesti mpya iwe kiasi cha punje ya mchele, au ifunike silikoni kwa tabaka jembamba, isimwagwe kama siagi juu ya mkate. Vile vibandiko laini vinavyokaa juu ya memori ya kadi ya michoro visitupwe na kuwekwa pesti badala yake, kwa kuwa vinajaza pengo ambalo pesti haiwezi kulijaza. Kikichanika kimoja, kibadilishwe kwa chenye unene uleule. Mwisho, pembeni mwa skrubu za bamba la shaba huwa kuna namba 1, 2, 3 na 4, na zinapaswa kukazwa kidogo kidogo kwa mfuatano huo. Akikaza upande mmoja mpaka mwisho ndipo aanze mwingine, bamba litainama, na utarudi nyumbani na joto lilelile.

Wakati unasubiri nafasi ya kufanya hayo, kuna mambo utakayoyafanya leo. Weka kikomo cha fremu 60 kwa sekunde ndani ya mipangilio ya gemu, kwa sababu skrini ya kawaida haiwezi kuonyesha zaidi ya hapo, na mashine inayochora fremu 110 inatumia umeme kuchora picha ambazo hutaziona kamwe. Gemu ya mpira huchezeka vizuri kabisa hivyo. Punguza vivuli na ubora wa majani na mashabiki kabla ya kupunguza ukubwa wa picha. Kisha ingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, ile ya kina, utafute mstari unaoeleza hali ya juu kabisa ya prosesa, ushushe kutoka asilimia 100 hadi 99. Kwenye mashine nyingi za Intel badiliko hilo dogo huzima kasi ya ziada ambayo prosesa hujipa yenyewe. Usidharau kupunguza kasi. Joto linalozalishwa hufuata kasi, na hufuata volteji kwa kipeo cha pili, hivyo kasi ikipungua kwa sehemu moja ya kumi na volteji ikashuka kwa kiasi hichohicho, joto hupungua kwa zaidi ya robo. Unapoteza kidogo, unapata kingi. Gemu zinazoitegemea kadi ya michoro kuliko prosesa hutaona tofauti yoyote machoni.

Usiiweke mashine juu ya godoro, mto au mapajani. Iweke mezani na uinue upande wa nyuma kwa sentimita 2 au 3. Vifuniko viwili vya chupa vinatosha, almuradi visizibe matundu ya chini. Feni ya chumbani haipozi hewa bali huisukuma, lakini kuisukuma nako kunasaidia, maana hewa ya moto iliyotoka ubavuni haibaki hapo kuvutwa tena na matundu ya chini. Kama chumba chako kimeezekwa bati bila dari, mechi ndefu zihamishie baada ya isha.

Kipozeo cha muuza duka si kitu kibaya, ila kinakuja mwisho. Kinasaidia mashine zinazovuta hewa kutoka chini, na hupunguza nyuzijoto chache tu. Kikipuliza kwenye plastiki isiyo na tundu, umepata kelele na taa za rangi. Ukikinunua kabla ya kusafisha, kitakuwa kinalisukumia hewa blanketi lilelile.

Jambo moja halingoji vipimo. Laza mashine mezani ikiwa imezimwa na uitazame kwa upande. Ikiwa sehemu ya kuwekea vidole chini ya kibodi imeinuka, kipanya cha kugusa hakibonyezeki vizuri, au mashine inayumba juu ya meza iliyonyooka, betri imevimba. Joto la muda mrefu huzeesha betri za lithiamu, na iliyovimba ikitobolewa inaweza kuwaka moto. Hapo usicheze, usichaji, usiibonyeze irudi. Mpelekee fundi aitoe, na hapo ndipo fedha yako iende, hata kama usafi utasubiri mwezi ujao. Betri ikiwa salama nawe hucheza ukiwa umechomeka chaja, angalia kama programu ya mtengenezaji inaruhusu kuzuia chaji isipite asilimia 80, kwa sababu betri iliyojaa pomoni na yenye joto huzeeka haraka zaidi.

Baada ya usafi na pesti, rudia vipimo vyote viwili kwa saa ileile, chumba kilekile na gemu ileile, vinginevyo utakuwa unalinganisha hali ya hewa badala ya mashine. Nitarajiavyo mimi, namba ya mchezo itashuka chini ya 90 na kiganja kitapokea hewa nyingi ya moto. Ikibaki 97 huku hewa ikitoka vuguvugu, rudi kwa fundi siku hiyohiyo umwombe afungue tena bamba la shaba na kuangalia kama pesti imesambaa pande zote. Pesti iliyoenea upande mmoja tu itamwonyesha ni skrubu ipi haikukazwa vizuri.